Yaliyomwagika

Wasemao maji yakimwagika hayazoleki
hawajapanda na Remigio mpaka kichwa cha mfereji,
wiki ya pili ya Mei, saa kumi na moja alfajiri,
theluji ikiwa bado ngumu kama chumvi ya mawe
na viatu vikinung'unika kila hatua.

Hasemi. Anapiga magoti, anaweka kiganja
pale weupe unapoishia na majani yanapoanzia,
anangoja jua lichungulie ukingoni.
Kisha tone. Kisha tone na mwenzake.
Ikifika saa nne Sierra nzima inatokwa jasho
na mfereji, uliokuwa kovu tu la udongo,
umeshakuwa kitu chenye sauti.

Mfereji huu haufiki shambani.
Mwaka wangu wa kwanza nilidhani nimesikia vibaya.
Kilomita tatu unaambaa ubavu wa mlima,
halafu Remigio anaubomoa kwa jembe, makusudi,
anayaachia maji yakimbilie mawe bapa, miiba, vichaka,
nayo yanadidimia pale pale
kama swali kwa mtu asiyetaka kujibu.

"Tunayamwaga?"
"Tunayapanda," akasema, akafuta jembe kwa nyasi.

Alikuja mhandisi kutoka Granada, Baltasar,
na futi ya chuma na tabasamu la kuomba radhi.
Akapiga hesabu: kila ndoo kumi, saba zinapotea.
Almócar ikapiga kura. Mkono wa mashariki ukapigwa saruji,
laini, mnyoofu kama hotuba.
Hata tone halikupotea.
Hata tone halikufika kwa Nicasia.

Nicasia anakaa mita mia nane chini ya miguu yetu,
penye chemchemi itokayo ukutani, nyuma ya zizi.
Hana saa. Huhesabu kwa kunong'ona
tangu mtungi uanze kuvuma kwa sauti nene
hadi sauti iwe nyembamba, umejaa:
arobaini Juni, hamsini Julai, Agosti sitini na kitu.
Agosti ile ya saruji alifika mia tatu,
akaupindua mtungi, akaukalia.
Mijozi ikapukutisha majani kabla jozi hazijakomaa.
Mialoni ya mteremko, ambayo hakuna aliyewahi kuimwagilia,
ikaanza kukauka vileleni.
Hapo ndipo tulipojua nani alikuwa akiinywesha.

Sitasema nani alivunja saruji.
Usiku una nyundo nyingi.
Baltasar mwenyewe alirudi, akaona vipande,
akachutama, akatega sikio ardhini
mpaka suruali ikamlowa magotini.
Hakuandika kitu.

Huko chini kuna nini? Siwezi kukuchorea.
Sijauona mto ule usio na kingo,
upitao katika nyufa zisizoingia ukucha,
gizani, taratibu kuliko konokono,
ukigusa mzizi huu, ukiuacha, ukigusa ule.
Najua tu kwamba theluji ya Mei hufika Agosti,
na kwamba mlima haujui haraka yetu.

Mwaka huu theluji ilikuwa haba.
Ilianguka mara mbili Februari, ikaondoka kabla ya Pasaka.
Goti la Remigio limegoma; nikapanda peke yangu.
Nikabomoa pale pale, kwa jembe lake.
Maji yaliingia mawe asubuhi nne,
ya tano yakawa uzi.
Nilisimama hadi uzi ukakatika.

Leo ni tarehe kumi na tisa Agosti.
Nimekaa nyuma ya zizi, mtungi uko chini ya ukuta.
Nicasia anahesabu, macho kayafumba.
Sabini na moja.
Sabini na mbili.
Mtungi bado unavuma kwa sauti nene.